Sungura wa sufu wakikaa pamoja: miaka minne yangu Kinangop

Kitu ilinifanya nitoe sungura wangu kwa keji ni kisigino cha Pamba. Pamba ndo jike langu la kwanza la angora, ile aina ya sungura wa sufu ndefu, mweupe, kilo tatu na nusu hivi, na siku moja nikiwa nimemgeuza tumbo juu nimchane nikaona mguu wake wa nyuma, pale nywele zinafaa kuwa nene kama soksi, pamebaki ngozi nyekundu ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi na katikati imeanza kutoa maji. Alikuwa amekaa juu ya waya miaka miwili. Watu husema angora hawashikwi na vidonda vya kisigino juu wana manyoya mpaka chini ya nyayo, na ni kweli wanashikwa kidogo kuliko wengine, lakini sungura mzito akikaa pahali pamoja bila kuruka mwaka baada ya mwaka zile nywele zinasagika mpaka zinaisha. Nilimwekea ubao wa kukalia, nikampaka dawa, akapona. Lakini kutoka hiyo siku kila nikipita pale kwa keji nilikuwa nawaangalia wote tisa vile wamejikunja kila mtu kwa chumba chake, na nikajua siwezi endelea hivo.

Mimi niko Kinangop Kusini, huku juu karibu na msitu wa Aberdare, kama mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Julai ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana, na Januari usiku ukikosa mawingu unaamka unapata sakitu imechoma viazi. Kwa angora hii baridi ni nzuri. Sungura hatoi jasho kama sisi, joto lake linatokea sana kwa masikio, na akiwa amevaa sufu ya sentimita nane jua la Mombasa linaweza kummaliza mchana mmoja tu, kwa hivyo mtu wa pwani akiniuliza namwambia wazi afuge wa nyama. Na kabla sijaendelea, manake naulizwa kila mara: angora ni sufu ya sungura, ile ya mbuzi wa angora inaitwa mohair, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wangu ni angora wa Kifaransa ambao wamechanganyika kidogo. Sufu inakua kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi na mimi nakata kwa makasi kila miezi mitatu. Kwa keji kila mmoja alikuwa ananipa gramu 80 mpaka 100 kila nikikata, na ilikuwa safi sana. Hiyo lazima niseme kwa haki, juu watu wengi wakianza kusifu sungura kukaa pamoja wanaongea ni kama keji haina faida yoyote. Kwa keji mavi na mkojo vinaanguka chini, sungura hagusani na mwingine, sufu inabaki vile ilikua. Ukiwaweka chini pamoja unafungua milango mingi ya uchafu kwa wakati mmoja, na wewe sufu ndo mazao yako, iko nje ya mnyama, kila kitu anachokanyaga na kulalia kinaingia ndani.

Mwezi wa pili 2021 nikasafisha nyumba ya zamani ya ndama, mita nne kwa tano, sakafu ya simiti, mabati juu, upande mmoja wazi ambao niliziba na waya. Nikaweka masanduku ya mbao, nikamwaga unga wa mbao chini, nikawaleta wote siku moja, majike sita na madume matatu. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale mlangoni akaniuliza, "Msichana wangu, hao wanajuana?" Nikamwambia mama, wamekaa kando kwa kando miaka miwili, wanajuana.

Hawakuwa wanajuana. Ndani ya dakika kumi madume mawili yalikuwa yameshikana, na sungura wakipigana kweli hawalii, unasikia tu miguu ikigonga na unaona sufu ikipaa kama mtu amepasua mto. Dume akishinda mwingine anatafuta korodani, na hapo ndo dume langu la kijivu liliumwa vibaya. Lakini kile sikutarajia ni majike. Mimi nilidhani vita ni mambo ya madume. Jike la miaka miwili ambalo limezoea chumba chake lina mipaka kichwani, na ukiliweka pahali papya na wengine watano kila mmoja anataka kujua nani mkubwa. Pamba mwenyewe, yule mpole, alimrarua Wingu sikio mpaka nikamshona. Jioni nikarudisha wote kwa keji, na nikakaa na hiyo aibu ya kuwaumiza wanyama wangu kwa haraka yangu karibu mwezi mzima kabla sijajaribu tena.

Mara ya pili nilienda polepole. Kwanza daktari wa mifugo akaja akahasi madume mawili, na akaniambia nisiwaweke na majike hapo hapo, ningoje wiki kadhaa juu mbegu bado inaweza kuwa imebaki ndani na pia ile hasira haiishi siku moja. Alafu nikaanza na majike mawili madogo ya mama mmoja, miezi mitatu, hao walikuwa tayari wanalala pamoja. Baada ya wiki nikaongeza dume aliyehasiwa. Hakuna shida. Baada ya hapo Wingu, na kila nikiongeza mtu nilikuwa natoa masanduku yote naosha sakafu na kupanga upya ili hakuna anayeona hapo ni kwake, na najaribu kwanza nje kwa nyasi, pahali hakuna mtu ana harufu yake, nusu saa, saa moja, nikiwa nimesimama na ufagio mkononi. Wakikimbizana kidogo naacha. Mmoja akipanda mwingine mgongoni naacha pia, hivo ndo wanapanga ukubwa. Wakiviringana kama mpira natenganisha. Ilinichukua miezi minne kufika sungura saba kwa nyumba moja, na Pamba hakuwahi kukubali, Pamba anaishi na binti yake mmoja tu kwa chumba kingine na wako sawa. Kuna sungura wa kundi na kuna wale wa wawili wawili, na huwezi kulazimisha.

Sasa sufu. Ile mara ya kwanza kukata nililia. Nilipata gramu 35, 40 za maana kwa kila sungura, hiyo ingine yote ilikuwa mabonge. Unga wa mbao ulikuwa umeingia mpaka kwa ngozi, na huo hautoki, hata ukichana, hata ukiosha, unakaa ndani ya uzi mpaka mtu anavaa sweta anajikuna shingo. Usiweke unga wa mbao chini ya sungura wa sufu. Maranda makubwa ni afadhali kidogo lakini yanajipinda na kushika. Nikajaribu hei ya nyasi ya boma rhodes, hiyo ina mbegu ndogo ndogo na vumbi, ikakuwa mbaya vile vile. Kile kilikuja kufanya kazi ni majani marefu ya ngano yaliyokauka, ndefu haziingii kwa manyoya sana, na juu ya simiti nikainua vibao vyenye nafasi ndogo katikati sehemu kama nusu ya chumba ili kuwe na pahali pakavu pa kulala.

Kitu ingine ilinisaidia ni kuona vile wanajisaidia. Sungura wana kona. Wakichagua kona yao karibu mkojo wote unaenda hapo, kwa hivyo badala ya kupigana nao niliweka beseni pana kwa zile kona mbili walizochagua, ndani maranda, juu waya ya matundu ya mraba ili miguu isiguse. Namwaga kila asubuhi kwa wilbaro inaenda kwa kabeji. Mavi makavu wanaangusha kila mahali lakini hayo ni kufagia tu, mkojo ndo unaharibu sufu unaigeuza njano na hiyo njano haitoki.

Na chombo cha hei. Hii nilikosea mwaka mzima bila kujua. Nilikuwa nimetundika juu ya vichwa vyao, kama vile watu wengi wanafanya, wanavuta wakiwa wamesimama na vipande vinawaangukia shingoni na mgongoni, na sufu ya shingo na mgongo ndo ile bora. Nikishusha ikawa usawa wa mdomo na nikaweka ubao mbele, ile sufu ya shingo ikaanza kutoka safi. Kitu kidogo hivo. Siku hizi napata gramu 70 mpaka 80 safi kwa sungura wa kundi, haijarudi mahali ilikuwa kwa keji na sidhani itarudi, na mimi nimekubali hiyo gharama. Yale mabonge nayaosha natengeneza felti, yaani kitambaa kizito cha sufu iliyogandamizwa, ya kuweka ndani ya slipa.

Wanawake tunaouza nao wanachanganya na sufu ya kondoo, juu angora peke yake ni laini sana na joto lakini haivutiki ikarudi, sweta inalegea. Na wateja wanauliza. Novemba 2013 PETA, shirika la kutetea wanyama, walitoa video ya mashamba ya angora huko China, sungura wananyofolewa manyoya wakilia, na maduka makubwa ya nguo ya Ulaya, H&M ikiwemo, yakaacha kununua. Mpaka leo mgeni akishika skafu yangu swali la kwanza ni huyo sungura anaishi aje. Wengine wakiuliza mimi huwapeleka wakaone, dakika tano kwa miguu.

Kuzaa ndo mahali nilijifunza kwa uchungu zaidi. Kuna jike langu moja la madoa, Githeri, nilikuwa nimempeleka kwa dume la mbegu na nikamrudisha kwa kundi, nikifikiria atazalia kwa sanduku mojawapo kama sungura wa kawaida. Mimba ni siku 30, 31. Siku ya 30 asubuhi nikapata amenyofoa sufu ya kifua ametandika, watoto sita, wamezama ndani ya hiyo sufu wanapumua pamoja, unaona tu ile tandiko inapanda na kushuka. Nikafurahi. Nikaacha. Siku ya nne nikiangalia nikaona mmoja mguu umevimba na umegeuka rangi ya zambarau. Nilipomshika vizuri, uzi. Sufu ya mama yake, ndefu sentimita saba, imejisokota kwa mguu mara nyingi kila akijigeuza mpaka imekuwa kamba nyembamba imekaza. Mwingine ilikuwa shingoni, huyo alikuwa ameshakufa. Nikakaa chini na mkasi wa kucha nikakata moja moja nikitetemeka, yule wa mguu akaishi lakini huo mguu aliupoteza kutoka kwa goti. Watoto wa sungura hawana nywele, hawaoni mpaka siku kama ya kumi, wanajiviringa tu gizani kutafuta joto. Sufu ya angora ndefu kwa kiota ni mtego.

Kwa hivyo sasa jike la kuzaa natoa kwa kundi wiki moja mapema, namkata sufu iwe fupi, na akishazaa nachukua tandiko lote naikatakata kwa makasi iwe vipande vya sentimita mbili tatu alafu narudisha. Mama hakatai, ukiwa na mikono yenye harufu anayoijua. Pia kwa kundi mtoto akibaki ameng'ang'ana na titi akaburutwa nje ya kiota hakuna atakayemrudisha, sungura habebi watoto wake kama paka, na mama mwenyewe anaingia kunyonyesha mara moja au mbili kwa siku dakika chache tu. Na jike lingine la kundi linaweza kuingia akachimba hicho kiota atandike chake. Hii ya mwisho nimeiona mara mbili, na mara zote mbili aliyeingia hakuwa na mimba. Majike wakipandana wenyewe kwa wenyewe yai linatoka, mwili unadhani umeshika, wiki mbili na siku kadhaa baadaye anaanza kubeba majani mdomoni na kunyofoa sufu ya kifua. Yaani unapoteza sufu ya jike ambalo halijaona dume.

Watoto wakifika wiki sita nawatoa kwa mama na siwapeleki kwa kundi la wakubwa. Ya kwanza niliwapeleka, na koksidia, ugonjwa wa vimelea vya tumbo, ikanichukulia watano kwa wiki moja: tumbo kubwa kama ngoma, mgongo mwembamba, kuhara. Wakubwa wanaibeba bila kuugua, inatoka kwa mavi, ikipata unyevu inaiva, mtoto anakula. Dawa ya maji niliyopewa ilisaidia waliobaki. Lakini kile kimeimaliza kwangu ni ukavu, na kuacha majani mabichi yenye umande. Huku kwetu kabeji ni bure wakati wa mavuno na kila jirani analetea sungura majani ya kabeji, anafanya kwa upendo, na mimi napokea nampelekea ng'ombe. Nyasi nazianika mpaka jioni zilegee ndo nawapa.

Alafu kuna ile hatari ya kutojua nani hajala. Kwa keji unaona bakuli limebaki limejaa. Kwa kundi ya saba mmoja akikosa kula siku mbili wengine wanamaliza na wewe unaona tu bakuli tupu unafurahi. Wingu alinifundisha hii. Siku moja nikifagia nikaona mavi yameshikana, punje moja, uzi wa nywele, punje ingine, uzi, kama shanga zimetungwa. Hiyo ni dalili sufu imejaa tumboni. Sungura anajiramba kama paka lakini hawezi kutapika, kila anachomeza lazima kipite kwenda mbele. Kwa kundi ni mbaya zaidi juu wanarambana, anameza yake na ya mwenzake. Lakini hayo mavi ni ya nani kati ya saba? Nikakaa pale kwa ndoo iliyogeuzwa kutoka saa kumi mpaka giza, nikaona wote wamekuja kwa peleti (chakula kilichokandamizwa vipande vidogo) isipokuwa Wingu, amekaa kwa kona ameinama. Nikamtoa, nikamnyima peleti, nikampa hei peke yake na maji mengi na nikamsugua tumbo, nikamkata sufu yote siku hiyo hiyo. Siku ya tatu akaachilia. Watu waliniambia nimpe papai na nanasi ziyeyushe nywele, nywele haziyeyuki na papai. Ni hei, kila siku, nyingi, na kukata kwa wakati bila kungoja sufu iwe ndefu zaidi ili upate gramu kumi za ziada.

Tangu hapo jioni ndo zamu yangu. Peleti nazimwaga kidogo kwa mstari mrefu ili wote wapate nafasi, nahesabu vichwa saba, asiyekuja namfuata. Kila Jumamosi nashika mmoja mmoja: masikio kama kuna utitiri, kucha, kisigino, nyuma chini ya mkia, na kwapa pale mabonge yanaanzia. Bwana yangu ananishikia. Ni masaa mawili kwa wote.

Wanyama wengine wa nje nimepata shida kidogo tu. Nguchiro alijaribu kuchimba chini ya ukuta, nikafukia waya nusu mita kwenda chini. Siafu walikuja usiku mmoja wa mvua, tukaamka tukazungusha jivu moto, na watoto waliokuwa kwa kiota nikawaingiza jikoni kwa karatasi ya sukari. Sungura wenyewe hawachimbi sababu ya simiti, na wakitoka nje kwa nyasi mchana mimi niko nao.

Kukata ndo nimebadilisha kabisa ratiba. Zamani nilikata wote wiki moja. Sasa kwa kundi sikati wote, juu sungura akikatwa Julai huku Kinangop usiku huo anatetemeka, lakini akiwa na wenzake wanne ambao bado wana sufu anaingia katikati yao na asubuhi unampata yuko sawa. Hiyo ni faida ambayo keji haiwezi kukupa. Nakata watatu, baada ya wiki tatu wanne, na miezi ya baridi naacha sentimita moja na nusu juu ya ngozi. Kitu cha kuangalia ni kwamba aliyekatwa anarudi na harufu tofauti na sura tofauti, na wenzake wanaweza kumgeukia kama mgeni, kwa hivyo nampangusa na majani ya kulalia ya pale ndani kabla sijamrudisha na naketi nao nusu saa.

Kilichobaki kunisumbua ni dume la mbegu. Huyo hajahasiwa, siwezi kumweka na majike kila siku ya mwaka, jike anaweza kushika mimba tena siku ile ile amezaa na hiyo inammaliza mwili na sufu. Kwa mwaka mmoja alikaa peke yake kwa keji ya zamani na nikaona anauma waya usiku. Nimemjengea chumba chini ndani ya nyumba hiyo hiyo, kati yake na kundi kuna waya mbili zenye nafasi ya vidole vinne katikati ili wasinyofoane sufu. Wingu analala upande ule mwingine karibu kila mchana, na kuuma waya ameacha.